Upepo wa Kimbiji Haukuvuma Siku ya Ijumaa

Marahaba nyote. Nimeambiwa mko ishirini na kitu hapo chuoni, mnasomea umeme wa upepo, na kwamba mwalimu wenu ametaka kila mzee aliyewahi kufanya kazi hii awaandikie anachokumbuka. Nadhani aliposema kila mzee alikuwa ananisema mimi, maana wengine sijui walipo. Pamoja na barua yenu mmenitumia ile karatasi ya malengo ya taifa ya mitambo ya upepo baharini. Nimeisoma mara mbili, tena kwa miwani ya mke wangu, kwa sababu ya kwangu imekaliwa na mjukuu. Ni karatasi nzuri, ina picha za rangi. Ya kwetu ilipigwa taipu, na pale penye kiasi cha umeme utakaopatikana palikuwa pameandikwa kwa penseli.

Hiyo penseli ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Mimi ni Bakari, wa Kiwalani. Nimepima upepo tangu nina nywele nyeusi mpaka magoti yalipogoma kupanda ngazi. Sikuwahi kuzalisha umeme hata wa kuwasha taa moja. Kazi yangu ilikuwa kujua upepo upo kiasi gani na kuwaambia wakubwa. Mnaona ni kazi ndogo. Subirini.

Kipimo chetu kilikuwa hivi. Juu ya mlingoti kuna vikombe vitatu vya bati jepesi vinavyozungushwa na upepo. Chini kuna boksi, ndani yake ngoma ya shaba inayoendeshwa na saa ya kutia ufunguo, na juu ya ngoma unafunga karatasi ya wiki nzima. Kalamu yenye wino inachora. Vikombe vikienda kasi mstari unapanda, vikilegea unashuka, vikisimama kalamu inaburuza mstari mnyoofu chini kabisa ya karatasi. Kila Jumatatu unatoa karatasi, unafunga mpya, unatia ufunguo, unaongeza wino, unasaini ile ya zamani. Sahihi ndiyo kazi yenyewe. Hayo mengine hata mke wangu alikuwa anayajua.

Aliyenifundisha ni Mzee Bonifasi, mtu wa Masasi aliyehamia Gongo la Mboto, fundi mkuu wa vipimo katika idara yetu. Nawaapia hakuwahi kupanda mlingoti hata mmoja mbele yangu. Alikuwa anaogopa urefu. Alifundisha akiwa chini, kwa filimbi: moja maana yake kaza kamba, mbili legeza, tatu shuka mvua inakuja. Siku moja tunafunga kipimo karibu na Barabara ya Pugu, trafiki akapuliza filimbi mara mbili kusimamisha lori la mchanga, nami huko juu nikalegeza. Mlingoti ukainama taratibu, nikashuka nao nimeukumbatia, tukalala wote kwenye bustani ya mchicha ya mama mmoja. Mzee Bonifasi alikuja akakagua kipimo kwanza, kisha mchicha, kisha mimi.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi mwombe radhi mama, halafu uandike pembeni ya karatasi kwamba saa hiyo mlingoti ulilala na Bakari."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania hata kidogo. Kwake yeye kila kilichotokea kwenye kipimo kiliandikwa pembeni ya karatasi, hapo hapo, kwa wino, hata kama ni aibu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda hata mwaka niliotumia mafuta ya nazi. Grisi ya beringi iliisha, bohari wakaniambia nisubiri, mimi nikaona nisubiri nini wakati nyumbani kuna chupa ya mafuta safi ya nazi. Nikapaka. Vikombe vikazunguka vizuri siku mbili. Siku ya tatu sisimizi wote wa Pugu walipata habari, wakapanda mlingoti kwa mstari, wakaingia kwenye beringi wakafia humo. Ofisi ikapokea karatasi yenye siku nne za utulivu mkubwa wa hewa, wakaniandikia barua kuuliza chanzo cha utulivu huo. Mzee Bonifasi akanisimamia nikajibu kwa neno moja: sisimizi. Barua ile ilibandikwa ukutani kwa mhasibu muda mrefu sana.

Ya Kimbiji, kile kijiji cha pwani, bado sijafika. Turudi kidogo.

Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Mabwawa yamekauka, soko huria limefunguliwa, watu wameleta friji na televisheni kutoka Dubai na hawana pa kuzichomeka. Pale Kiwalani nilipojaribisha kipimo juu ya paa langu majirani walijua ni antena mpya ya kunasa televisheni ya Zanzibar. Walikuja na waya zao wakaomba niwaunganishe, nikawaeleza kwamba hiki ni cha upepo. Jirani mmoja akanitazama kwa huruma akasema, "Sasa braza, upepo unaonyesha nini?"

Huko wizarani ikawa inaandikwa sera mpya ya nishati. Wafadhili wa Ulaya ya kaskazini wakaleta wazo: kwao wameanza kusimika mitambo ya upepo ndani ya maji, baharini kabisa, kwa nini na sisi tusifanye hivyo. Pwani tunayo, miamba yenye maji mafupi tunayo. Wakaleta na mtaalamu, Bwana Nils, kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kwa heshima kuliko sisi. Alikuwa anamwamkia hata mlinzi wa getini aliyemzidi mwaka mmoja.

Rasimu ya sera ikaandikwa kwanza, kipimo kikafuata. Msishangae, hata leo mambo ndivyo yanavyokwenda. Rasimu ilikuwa na sentensi moja kuhusu upepo wa baharini: kwamba ifikapo mwaka fulani nchi itapata umeme kiasi fulani kutoka kwenye mitambo ya majini. Kile kiasi ndicho kilichokuwa kwa penseli. Mkuu wetu wa idara akatuita akasema wino utapigwa juu ya penseli tukishaleta mwaka mzima wa karatasi za upepo wa pwani, na Bwana Nils akakokotoa: ili ile penseli isimame, upepo unatakiwa ukae juu ya kiwango hiki. Akachora mstari mwekundu.

Jambo jingine alilolisema mkuu siku ile, hili alilisema kwa sauti ya chini, ni kwamba serikali inapunguza wafanyakazi. Idara itabaki na wale wenye mradi. Mzee Bonifasi alikuwa ameshapata barua yake. Mimi mradi wangu ulikuwa huo, mlingoti mmoja Kimbiji. Upepo ukifika kwenye mstari mwekundu nina kazi, usipofika nina barua. Nyumbani Kiwalani nilikuwa na vyumba viwili visivyo na paa na mke mjamzito, Mama Salma, ambaye alikuwa anaulizia hali ya upepo kila jioni kabla hajaniuliza kama nimekula.

Mlingoti wenyewe ulikuwa uwe wa vipande vinne, vikafika viwili. Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu vile vingine. Ofisi ikasema tupime hivyo hivyo kimo cha paa la nyumba, halafu wao watazidisha. Tukausimika kwenye jabali linaloingia baharini, maji pande tatu, mahali ambapo kinamama wa Kimbiji hupita wakienda mwambani kuchokoa pweza.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu kubwa. Nasema kosa langu, wala si la mtu mwingine.

Ilibidi kijiji kielezwe kile ni kitu gani, watu wasije wakachukua vikombe wakafanya kata za kunywea maji. Ukaitishwa mkutano. Nikasimama na shati la kuchomekea, nikabandika karatasi ubaoni, nikasema kwa kiburi cha mtu wa ofisini: "Ndugu wananchi, serikali imeweka lengo la taifa la upepo wa baharini. Kimbiji imechaguliwa. Mstari mwekundu huu hapa ndio lengo. Upepo ukikaa juu yake, tumelifikia."

Akanyanyuka Bi Siwema. Huyu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi na mchokoaji pweza hodari, mama wa makamo mwenye sauti inayofika mbali bila yeye kupaza. "Lengo hilo ni la kila kaya au la kijiji kizima?"

Mimi nikacheka. "Ni la taifa zima, mama. Ila nyie Kimbiji mna sehemu yenu."

"Na tusipolifikia?"

"Tusipolifikia mradi unaondoka, umeme hauji, na wakubwa watauliza Kimbiji kulikoni."

Watu wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali, mkutano ukafungwa. Nilirudi mjini nimefurahi kwamba nimeeleweka.

Nyie hamkuishi miaka ile, kwa hiyo nawaeleza. Watu wale walikuwa wameishi na malengo maisha yao yote. Lengo la mikorosho, kila kaya iwe na miche kadhaa. Lengo la vyoo. Lengo la watu wazima kujua kusoma. Lengo la mihogo, na bwana shamba anakuja kuhesabu matuta. Marehemu baba yangu, kule Kisarawe, aliwahi kuitwa barazani akasimamishwa mbele za watu kwa sababu ya matuta ya mihogo yaliyopungua. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemshika kanzu. Na bado nikaenda kusimama mbele za watu wazima nikawaambia mna lengo, mna sehemu yenu, na msipofika mtaulizwa. Nikilikumbuka hilo mpaka leo nasikia vibaya.

Wiki tatu za mwanzo mstari ulikuwa wa kawaida, unapanda mchana, unashuka, mara chache unaugusa ule mwekundu. Wiki ya nne ukapanda ukakaa. Wiki ya tano ukakaa. Nikasaini kwa mkono mwepesi. Mama Salma akanunua misumari ya paa. Bwana Nils alifurahi hadi akawa anaimba kwenye korido, na akaanza kuandika ripoti juu ya tabia ya pekee ya upepo wa Kimbiji: kwamba unakuja kwa mapigo, unapanda kwa nguvu, unalegea polepole karibu robo saa, kisha unapanda tena ghafla. Alisema hajaona upepo wa namna hiyo kwenye kitabu chochote. Alichora michoro, akatuma kwao, wenzake nao wakasema hawajauona.

Nikampelekea habari Mzee Bonifasi, ambaye sasa alikuwa anatengeneza saa za ukutani kwenye kibaraza chake Gongo la Mboto. Alishika karatasi akaisogeza mbali na macho. "Upepo huu unachoka," akasema. "Mie nimepima miaka yote, sijaona upepo unachoka halafu unapokelewa." Nikaona labda ni wivu wa mtu aliyepewa barua. Mungu anisamehe.

Baada ya wiki kumi na moja za upepo huo Bwana Nils akaniita mezani kwake. Alikuwa amepanga karatasi zote kumi na moja, moja chini ya nyingine.

"Bwana Bakari, ninaomba radhi kwa swali langu. Je, upepo huu unakula chakula cha mchana?"

Nikatazama. Kila siku, baada ya saa sita, mstari unadondoka chini, unakaa, kisha unarudi juu kwa nguvu mpya. Nikasema pengine ni joto la mchana.

"Inawezekana. Na hapa?" Akaweka kidole kwenye Ijumaa. Ijumaa ya kwanza, ya pili, zote kumi na moja. Kutoka asubuhi mpaka baada ya swala mstari umelala kama umefutwa. "Na Jumatano hii moja, siku nzima?"

Jumatano ile niliikumbuka, kwa sababu Jumatatu iliyofuata nilimkuta Bi Siwema ana sauti imekauka. Walikuwa wamezika. Kijiji kizima kilikuwa makaburini.

Nilisema nitakwenda kuangalia beringi.

Sikungoja Jumatatu. Alhamisi asubuhi nikavuka na pantoni, nikaendesha pikipiki ya mradi kwenye ule mchanga wa Kigamboni, nikaizima mbali nikatembea. Siku yenyewe ilikuwa imetulia, hata majani ya minazi hayakuwa na habari. Nilipotokea kwenye jabali nikaona ngazi ya boriti imeegemezwa kwenye mlingoti wangu. Juu ya ngazi amekaa mzee mmoja na kofia yake ya kiua, ana ufito mrefu wa mkoko mkononi, anavipiga vikombe kimoja baada ya kingine, taratibu, bila haraka, uso mkavu, mtu yuko kazini. Chini ya turubai kinamama wanakatakata pweza. Wazee wawili wanasubiri zamu wakicheza bao. Na kwenye kibao kidogo kumeandikwa kwa chaki majina, nyumba kwa nyumba, asubuhi, jioni na usiku.

Bi Siwema aliponiona akafuta mikono akanijia akitabasamu.

"Umekuja siku si yako, Bwana Upepo. Karibu. Wiki hii hatujashuka chini ya mstari wako hata mara moja, ukiondoa chakula."

Nikauliza swali la kipumbavu. "Mnafanya nini?"

"Lengo," akasema. "Tulichungulia kwenye boksi lako wiki tatu, tukaona hatufiki. Upepo ukivuma wenyewe tunapumzika, hatuuingilii. Ukilala ndio tunashika. Mwanzo tulikuwa tunazungusha kwa mkono, vijana wakaumia mabega. Ufito ni bora. Mzee Mwinyi hapo juu anakaa robo saa bila kushuka, na ana miaka sabini."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia wa juu, kwa sababu lazima niseme kitu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kusimamisha ufito. "Subiri kidogo, nimebakiza dakika chache, asije akakamata mwingine mstari ukaanguka."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Bi Siwema akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutangaza kwamba ameoga. "Tukwambie, useme tunatafuta sifa? Hata ngazi, Jumatatu tukisikia pikipiki yako tunaificha."

Nilikaa chini ya turubai. Wakanipa pweza wa kuchemsha na pilipili, nikala, nikasikia machozi yananijia, nikasingizia pilipili. Hasira ilikuwepo, ndiyo, nimeona wiki kumi na moja zimekwenda na maji. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kile kibao cha chaki. Hakuna bwana shamba aliyewasimamia, hakuna aliyewalipa. Waliacha mashamba na mwamba wakajipangia zamu, kwa sababu mtu mmoja na shati lake la kuchomekea aliwaambia wana sehemu yao.

Nyumbani nilimsimulia Mama Salma, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Wewe umeajiriwa kupima upepo au kupeleleza watu?" akasema. "Karatasi zimesainiwa. Mzungu kafurahi. Mkuu kafurahi. Mtoto anakuja. Nyamaza, Baba Salma, ukae na kazi yako."

"Na wakijenga mitambo baharini kwa hesabu hii? Watazungusha na ufito?"

"Mpaka wajenge, utakuwa umestaafu."

Hakuwa mbali na ukweli, na ndiyo maana maneno yake yalinikera. Siku tatu nilitembea nayo. Nilikwenda mpaka Gongo la Mboto kumwomba Mzee Bonifasi ruhusa ya kunyamaza, mjue tu binadamu alivyo. Yule mzee alisikiliza huku ameshika koleo dogo la saa. Nilipofika kwenye ngazi na ufito alianza kucheka, akacheka mpaka akaweka koleo chini, akafuta macho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Pembeni ya karatasi umeandika?"

Basi nikarudi ofisini, nikazitoa karatasi zote, nikaandika kwa wino. Kila mahali mstari ulipoanguka, nikaandika sababu. Watu wamekwenda kula. Watu wamekwenda kuswali. Watu wamekwenda kuzika. Na juu ya kila karatasi, kwenye zile sehemu ndefu zilizopanda vizuri: upepo huu umezungushwa na wananchi wa Kimbiji kwa ufito, kwa sababu mimi Bakari niliwaeleza vibaya. Nikasaini upya kila moja.

Kikao cha sera kilikuwa Jumanne. Mkuu alipokea karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye watu wamekwenda kuswali, meza nzima ikaangua kicheko, wakadhani Bakari leo ameamua kuwachekesha. Akasoma ya maziko, wakacheka tena, kwa kusitasita. Akasoma ile ya juu, kalamu zikawekwa chini. Mtu mmoja akauliza kama kweli ni lazima hili lijulikane. Mkuu akanigeukia.

"Bakari, unajua hiki ulichoandika kinaondoa nini?"

"Najua, mheshimiwa."

"Sentensi nzima."

"Na mimi pamoja nayo. Najua."

Bwana Nils alikuwa amejishika kichwa. Alifikiria, nadhani, zile kurasa zake za upepo wenye mapigo, na wenzake kule kwao. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikajua anacheka, na alipopata pumzi akaomba miezi sita ya kupima upya bila msaada. Akapewa.

Miezi ile sita ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa sababu ilibidi nizuie kijiji kizima kisifanye kitu. Nilirudi mkutanoni bila shati la kuchomekea. Nikawaambia kosa lilikuwa langu, lengo halikuwa lao, kazi yao ni kuuacha upepo uwe unavyotaka. Hawakuniamini. Mzee Mwinyi akauliza kama wameachishwa kazi kwa sababu ya zile Ijumaa, maana kama ni Ijumaa wanaweza kutafutwa Wakristo wawili watatu kutoka Kigamboni washike zamu. Siku za utulivu nilikuwa nawakuta wamekaa chini ya turubai wanavitazama vikombe vimesimama, mikono inawawasha. Mmoja alikuwa anapuliza.

Upepo ukawa ulivyo. Siku nyingine ulivuma kwelikweli na watu wakashangilia kama mpira. Siku nyingi haukufika kwenye mstari mwekundu. Hicho ni kipimo cha kimo cha paa, cha vipande viwili vya mlingoti. Nyie leo mnapima kwa miale ya mwanga kutoka kwenye boya, mnasoma upepo wa juu kabisa huku mmekaa mnakunywa soda, na huenda huko juu kuna mengine. Sijui, mkapime. Mimi nawaambia nilichokiona. Sentensi ikafutwa na kifutio, kwa sababu ilikuwa penseli, na sera ikatoka bila bahari. Barua yangu ilitoka mwezi ule ule.

Miaka miwili niliuza misumari na mabati pale Kiwalani, na Mama Salma hakunisema hata siku moja, ila alikuwa anafunga dirisha kwa nguvu upepo ukivuma. Halafu Bwana Nils akarudi na kampuni ya kwao, wanatafuta mtu wa kupima bara, wala hakutaka kuona vyeti. Alikuja dukani akasema kwa Kiswahili chake: "Ninamtafuta yule bwana aliyeandika kwamba watu wamekwenda kuzika." Huko ndiko nilikokula mshahara mpaka nikazeeka. Siwahadithii ili mseme ukweli unalipa. Mzee Bonifasi aliusema maisha yake yote na alikufa anatengeneza saa za watu. Nawahadithia mjue kwamba mbele ya kila lengo mtakaloandikiwa kuna mtu amekaa mahali, anawaza afanye nini lifikiwe. Mkamwone kabla hamjabandika karatasi ubaoni.

Siku ya mwisho nilikwenda Kimbiji kung'oa mlingoti. Walinisaidia kuubeba mpaka barabarani. Bi Siwema akabaki ameshika vikombe, anavifuta chumvi na upande wa kanga.

"Kwa hiyo umeme hauji," akasema.

"Hauji, mama. Si kwa sasa."

"Na wewe?"

"Mie nimepewa barua."

Akatuma mtu aniletee pweza wa kukausha, kapu zima, akalifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki, akalikagua fundo mara mbili. Nilitaka kumwomba radhi kwa ule mkutano wa kwanza, nikajikuta nashukuru kapu. Yeye akanikabidhi vikombe vyangu.

"Mwanangu, kosa lao waliuwekea lengo upepo," akasema. "Wangetuwekea sie, tungeshalivuka zamani."